Naomba ushauri: sidii ipi ya Julio Iglesias nimnunulie mama?

Habari wakuu. Kaseti ya Julio Iglesias, yule mwimbaji wa Hispania, aliyokuwa nayo mama imemezwa na redio, utepe ukatoka nje kama tambi. Mwezi ujao anatimiza miaka 60, nataka nimpe sidii ya nyimbo bora za huyu mzee. Nimeona mbili: Mi Vida ya 1998, na ile ya 2011 iitwayo 1, ambayo nyimbo za zamani alizirekodi upya akiwa na zaidi ya miaka 60. Tatizo mama ana sikio kali. Wimbo wa Hey! aliouzoea ni wa 1980, kila pumzi anaijua (Kihispania hajui hata salamu, lakini anaimba mpaka mwisho). Mliozisikiliza zote, tofauti ya sauti inasikika sana? Mi Vida ya mtumba niikague vipi kabla sijalipa?