CPU mbili zinapewa bloku moja ya memori kwenye keneli (kiini cha Linux), shida iko wapi?

Wakuu naombeni msaada. Kuna drayva (programu ya keneli inayoendesha kifaa) ya Linux naitunza, ina listi yake ya bloku zilizo wazi, ukitaka bloku unachukua ya kwanza na kichwa cha listi kinasogea. Kwenye CPU moja sijaona shida ila zikiwa nyingi na mzigo mkubwa data zinaharibika, nikifuatilia nakuta sehemu mbili zinaandika bloku ileile. Nikizungushia spin_lock (loku ambayo CPU inayoisubiri inazunguka tu hadi iachiwe) data zinatulia lakini listi ikiisha, kmalloc (ya kuomba memori kwa keneli) ikiitwa kuijaza, keneli inalalamika "sleeping function called from invalid context", yaani kitu kinachoweza kulala kimeitwa pasiporuhusiwa kulala. Hapo inakuwaje?

Jibu: Mkuu hiyo ni resi (race condition) kabisa. Kusoma kichwa na kukisogeza ni hatua mbili, CPU moja ikishasoma kabla haijaandika nyingine nayo inasoma kichwa kilekile, zote zinaondoka na anwani moja. Sasa malalamiko: kmalloc ukiipa alama ya GFP_KERNEL inaweza kulala ikisubiri memori, na aliyeshika spinlock haruhusiwi kulala maana wenzake wanazunguka tu wakimsubiri. Usikimbilie alama ya GFP_ATOMIC, hailali kweli lakini inakula akiba ya dharura na inafeli kirahisi zaidi. Achia loku, ita kmalloc, shika loku tena halafu ANGALIA LISTI UPYA, mwingine anaweza kuwa kashaijaza. Watu wanairuka sana hii, wanakuwa wamehamisha resi sehemu nyingine tu.

Jibu: Interapti (kifaa kinapokatiza CPU ili kihudumiwe) nayo inagusa hiyo listi? Kama ndiyo tumia spin_lock_irqsave, inazima interapti za CPU hiyo wakati umeshika loku, la sivyo interapti itaingia kwenye CPU ileile iliyoshika loku na itazunguka milele.

Muulizaji: Ndiyo mkuu, interapti ndo inarudisha bloku. Nabadilisha.

Jibu: Mimi ningeifuta hiyo listi nitumie kmem_cache_create, inayotumia SLUB, kigawa memori cha keneli yenyewe. SLUB ina listi kwa kila CPU na njia yake ya haraka mara nyingi haishiki loku, inalinganisha pointa pamoja na namba inayobadilika kila operesheni, bila hiyo namba pointa inaweza kuondoka ikarudi ileile usijue. Ila haikulindi ukiachia bloku ambayo mwingine bado anaitumia, hapo washa KASAN, kifaa cha keneli cha kunasa matumizi mabaya ya memori, na resi zenyewe tafuta kwa KCSAN, kifaa cha kunasa resi kilichoingia keneli 5.8 mwaka 2020. Haziwaki pamoja, jenga keneli mbili. Na usiseme inatokea mara chache ukaiacha, Dirty COW, udhaifu maarufu wa usalama wa Linux, ilikuwa resi kwenye msimbo wa memori, ikakaa humo tangu 2007 hadi 2016 na ilimpa mtu wa kawaida uwezo wa root (msimamizi mkuu wa mfumo).