Hivi meli za magari hazipinduki?

mkurasini: Wakuu, jana nimeona meli ya magari inaingia Dar, lidude kama ghorofa linaelea, hivi upepo ukipiga hailali kweli?

baharia_mstaafu: Chini kuna matangi ya maji ya balasti mkuu ndo yanaipa uzito, ila wakikosea hesabu inalala, Golden Ray ilipinduka Georgia, Marekani 2019 na magari kama 4,200, balasti haikutosha ikakata kona basi ikaenda na upande.

mama_J: Duh na IST yangu iko njiani toka Japani 😩

baharia_mstaafu: Tulia dada, zinafungwa mikanda sakafuni. Mi naogopa moto zaidi, Felicity Ace iliwaka 2022 karibu na visiwa vya Azores kule Atlantiki, ikazama na magari karibu 4,000.

mama_J: Sasa hapo ndo umenituliza?? 😂