Chumba cha operesheni cha saa 24: nipangeje watu?

Mpanga_Zamu: Wakuu, naandaa chumba cha operesheni kwa zoezi la kijeshi la siku tano. Zamu mbili, redio nne, skrini moja kubwa. Vifaa vipo, hofu yangu ni makosa ya watu. Nianzie wapi?

Kurunzi: Anzia kwenye makabidhiano. Usibadilishe timu nzima kwa mkupuo, maana picha ya hali iliyomo vichwani mwao itatoka nao mlangoni. Mkuu wa zamu na mtu wa ramani wapishane walau saa mbili. Anayeingia ndiye asimulie hali, anayetoka amsahihishe. Ukigeuza, mgeni ataitikia kwa kichwa tu. Makabidhiano yasiangukie kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili alfajiri, mwili unapokuwa umelegea kabisa.

Darubini: Hiyo skrini nayo iangalie. Julai 3, 1988 manowari ya Marekani USS Vincennes iliitungua ndege ya abiria Iran Air 655, wakafa watu 290. Kumbukumbu za mitambo zilionyesha ndege inapanda, ila kwenye chumba cha operesheni cha meli ilitangazwa kwamba inashuka. Skrini kubwa haikuonyesha mwinuko, yaani ndege iko juu kiasi gani. Ulisomwa kwenye kidude cha pembeni, tarakimu tupu zisizosema inapanda au inashuka, kwa hiyo mtu alinganishe mwenyewe huku redio zinapiga kelele sikioni. Tena mfumo uliibadilishia ndege namba ya utambulisho katikati ya tukio! Kwako: weka mshale wa juu au chini kando ya kila mwinuko, na chombo kitajwe kwa namba pamoja na mahali kilipo.

Mpanga_Zamu: Nimeelewa. Na mkuu akishasema "adui", nani atamkatiza?

Kurunzi: Hakuna, usipompa mtu kazi hiyo kwa jina kwenye orodha ya zamu. Awe na cheo cha kusikilizwa, na asishike redio.

Darubini: Uthibitisho nao uandikiwe maneno yake kabisa. Aprili 14, 1994, kaskazini mwa Iraq, ndege mbili za kivita F-15 za Marekani ziliangusha helikopta mbili aina ya Black Hawk za Marekani hiyohiyo, wakafa 26. Rubani kiongozi alizitaja kuwa Hind, helikopta za kivita za Kisovieti. Jibu la mwenzake lilimaanisha tu kwamba ameona helikopta mbili, likapokewa kama kaafiki. Kwa hiyo piga marufuku "sawa" na "nimeona". Wa pili ataje alama aliyoiona yeye, na asipoiona aseme "sijatambua", silaha zisubiri.