Tupeane uzoefu: mhusika akipanda levo, dadu inamtambua?

Mwanzisha uzi
Wakuu, kisa chetu hiki hapa, kutoka kwenye mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika (RPG): kila mtu ana mhusika wake, na dadu ndiyo huamua kama kafaulu jambo. Tuko mbele ya mlango wa chuma, ugumu 15, yaani dadu pamoja na nyongeza yako lazima zifike 15. Mpiganaji wetu ana Nguvu 18, yaani +4. Karusha dadu ya pande 20, ikatoka 6. Mchawi mwenye Nguvu 8, yaani -1, mikono kama fito, akaomba ajaribu: 17! Akitoa 1 yake anabaki na 16, mlango huo ukafunguka. Meza nzima ilicheka, ila mwenye mpiganaji alinuna hadi tunaagana. Baadaye nikapiga hesabu. Mpiganaji hufaulu 50%, mchawi 25%, kwa hiyo aibu ile hutokea mara 1 kati ya 8. Dadu moja haina upande inaoupendelea, na kila +1 unayoihangaikia ni 5% tu. Kwenu mnahisi levo zinapanda kweli?

Dadu Tatu
Ndiyo maana sisi tulihamia mchezo mwingine, GURPS. Unarusha dadu tatu za pande 6 na unatakiwa upate namba isiyozidi ujuzi wako. Ujuzi 10 ni 50%, ukipanda hadi 11 unaruka mpaka 62.5%. Hapo mchezaji anaona pointi zake zimefanya kazi. Lakini kutoka 15 kwenda 16 unaongeza chini ya 3%, na bado unalipia. Kwetu kila mtu aliishia kuwa hodari wa wastani katika mambo mengi, hakuna bingwa.

Msimamizi Mchovu
Mlango huo, mimi nikisimamia mchezo, nisingeruhusu mchawi arushe. Basi.

Mzee wa Karatasi
Vijana mnalalamikia 5%, hamkucheza Dungeons & Dragons toleo la 3 la mwaka 2000. Levo 20 mpiganaji ana +20 ya kushambulia, mchawi +10. Adui anayemsumbua mpiganaji, mchawi hamgusi kwa upanga hata aombe dua. Toleo la 5 wakaibana nyongeza hiyo: wote wanaanza na +2 na kuishia +6. Naona walifanya vizuri, ingawa sasa mhusika wa levo 20 asiye na ujuzi wa jambo fulani, kama sifa yake (mfano Nguvu) haijapanda, ana nafasi ileile aliyokuwa nayo levo 1.

Asilimia
Mchezo wa Call of Cthulhu hauna levo kabisa. Ukifaulu kutumia ujuzi unauwekea alama, kisha kisa kikiisha unarusha dadu ya asilimia na lazima upite juu ya ujuzi wako ndipo uongezeke. Mwenye 25 anapanda kirahisi, mwenye 70 anahangaika. Mizani inajirekebisha yenyewe. Kero yake ni wawinda alama: nina mchezaji ambaye akishapata alama ya bastola anaiweka chini katikati ya mapigano, anachukua bunduki, kisha kisu.

Mwanzisha uzi
@Asilimia huyo ningemwacha afe na kisu chake 😂

Saba na Kuendelea
Mchezo wa Dungeon World unampa anayeshindwa pointi ya kupandia levo. Dadu mbili za pande 6, ukipata 6 kushuka chini unajiandikia pointi 1. Asiye na nyongeza anashindwa karibu 42%, mwenye +3 ni 8% tu. Wageni wanapanda mbio, wakongwe wanapunguza mwendo. Yule aliyenuna mlangoni angeondoka na chochote. @Msimamizi Mchovu, wewe ukikataa mtu asirushe, wachezaji hawakugomei?

Msimamizi Mchovu
Wanagoma. Nawaambia mlango haujafungwa na ufunguo.