Ukuta unatoa chumvi, mfukoni laki sita: rangi ya maji, pivisi au chokaa?

mkunazini_chini
Assalaam alaykum jamani. Tunakaa nyumba ya urithi Mkunazini, Mji Mkongwe wa Unguja, sisi chini, ami yangu na watu wake juu. Bi Mkubwa yuko Wete, Pemba, kwa dada yangu, anarudi kabla ya Ramadhani, na mpaka hapo zimebaki wiki saba. Nataka akute ukumbi unaokalika. Fungu langu laki sita, na sina pa kukopa tena.

Ukumbi ni futi 18 kwa 9, mnazijua nyumba za boriti, chumba kirefu chembamba kama ngalawa. Ukuta wa kulia umefura. Rangi inabanduka vipande vipande, na ukiupapasa unabaki na unga mweupe kiganjani. Mwanangu wa miaka minne ameuonja, anasema chumvi. Miaka mitatu nyuma nilimpa fundi akapiga plasta ya saruji mpaka usawa wa kifua, juu yake rangi ya maji ya krimu. Ulipendeza masika moja.

Sasa nina mawazo matatu. Nipake rangi upya, safari hii ya bei. Au nifunike ukuta kwa zile mbao za pivisi, za plastiki, zenye sura ya marumaru. Au nirudi kwenye chokaa, ambayo mume wangu anasema ni ya banda la ng'ombe. Kitakachobaki ninunue cha kutandika na pazia. Nani kafanya lipi, na likamfika lipi?

fleti_michenzani
Waalaykum salaam. Rangi ya maji, usijisumbue. Mie niko fleti za Michenzani, nimepaka mwenyewe na wanangu kwa wikiendi moja na mwaka wa nne huu haijanung'unika.

Hesabu yako hii: kuzunguka chumba ni futi 54, kimo weka 10, unapata futi za mraba 540. Toa mlango na madirisha, ibaki kama 480, yaani mita za mraba 45 hivi. Lita moja kwenye ukuta laini inafika karibu mita 10. Mikono miwili ni lita 9 au 10. Kwa hiyo ndoo ya lita 20 inakutosha na chumba cha kulala. Fundi akikwambia ndoo mbili, ya pili anakwenda kupaka kwake.

shoga_jangombe
Kaka wa Michenzani, kwako ni zege na matofali, kwake ni mawe na udongo. Usimpeleke mwenzio shimoni.

Bibie, mie nazungumza la pivisi maana limenila. Nyumba ya mama yangu nayo ya mawe. Tulipigilia mifito ya mbao ukutani, juu yake pivisi nyeupe yenye mistari ya dhahabu, kila anayeingia anasema mashaallah. Mwezi wa tano nikaanza kusikia harufu, kama kitambaa cha sahani kilichosahauliwa kwenye beseni. Nikadhani panya kafia dari. Nikafukiza udi wiki nzima. Mwisho tukabandua ubao mmoja wa pembeni: nyuma yake ukuta mweusi kwa koga, unatiririka maji, na mifito imekwishaliwa na mchwa, ukiishika inakuwa unga. Pesa zote zile, na ukuta umeharibika kuliko nilivyoukuta.

Nisidhulumu lakini. Jikoni kwangu Jang'ombe, ukuta wa matofali mkavu, pivisi hiyohiyo naifuta kwa sabuni kila Ijumaa na ipo kama siku ya kwanza.

mwashi_mstaafu
Mwanangu wa Mkunazini, rangi hujaulizwa bado. Uliza kwanza maji yanatoka wapi.

Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, ukuta una upana wa nusu mita na zaidi. Chini hakuna kizuizi cha unyevu kama tunavyoweka siku hizi juu ya msingi. Kwa hiyo maji ya ardhini yanapanda ndani ya ukuta, na yamepanda tangu siku ulipojengwa. Zamani haikuwa tabu, kwa sababu chokaa inapumua: maji yanapanda, yanatokea usoni, upepo unayachukua. Ukipiga saruji umeziba pua. Maji yanatafuta njia nyingine, yanapanda juu zaidi, na pale yanapokaukia yanaacha chumvi. Chumvi ile ikiganda chini ya rangi inavimba na kuisukuma. Ndiyo huo unga aliouonja mjukuu wangu.

Fanya jaribio. Chukua kipande cha nailoni ngumu, ile wanayofungia magodoro, ukubwa wa kanga iliyokunjwa mara nne. Kibandike ukutani kwa utepe pande zote nne, pasiingie hewa, kikae siku nzima na usiku wake. Matone yakiwa upande wa chumbani, ni joto na mvuke wenu, fungua madirisha. Yakiwa nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, maji yamo ndani.

Tena angalia alama. Unyevu wa ardhini unaanzia chini na una ukingo juu, kama mstari wa maji kujaa pwani. Doa lililo juu peke yake ni bomba, mfereji wa paa, au kiyoyozi cha jirani kinachodondoka kutwa kwenye ukuta wako.

mkunazini_chini
Shikamoo mzee. Nimefanya. Matone yako nyuma ya nailoni, mengi. Na alama zote mbili ninazo: mstari wa chini umefika usawa wa kichwa changu, na pembeni juu kuna doa la mviringo. Juu ya doa ni choo cha ami.

Hapo ndipo penye kazi, kumwambia.

shoga_jangombe
Mpelekee halua kwanza.

mwana_wa_wete
Halua ya Wete, si ya dukani huko! Bi Mkubwa akija aje nayo, muweke ami kitako, tena maneno ayaanze yeye mkubwa mwenziwe.

Mie nataka kusema la chini, maana mtu akikaa hatazami ukuta kwanza, anatazama anapokaa. Umesema kitakachobaki ununue cha kutandika. Kapeti la plastiki la kukata kwa mita ni rahisi na linang'aa, lakini kwenye sakafu yenye unyevu linafanya yaleyale ya pivisi, ukilifunua kwa chini utakuta jasho. Zulia la manyoya linanuka ifikapo masika. Mkeka wa ukindu unaukunja asubuhi, unaukung'uta, unauanika juani nusu saa, umemaliza. Ukilowa haufi. Ila usiununue kwenye maduka ya wageni hapo mjini, bei yake ni ya mgeni. Mwambie dada yako huko Wete awaendee wanaosuka wenyewe, achague mkeka wa miraba ya rangi iliyokolea, na atazame mshono wa shupatu kwa shupatu, ile mikanda ya ukindu inayounganishwa, hapo ndipo mkeka mbovu unapoachia. Bi Mkubwa aje nao kwenye boti.

fleti_michenzani
Nimekubali nilikurupuka kwenye rangi. Lakini chokaa nayo semeni ukweli wake. Nimekulia kwa babu Malindi, kila Ijumaa ukiegemea ukuta unaingia msikitini na bega jeupe, na kanzu ikiwa ya kahawia utaulizwa na kila mtu.

mwashi_mstaafu
Chokaa inayopukutika sana imepakwa vibaya. Mtu anachanganya nzito kama uji, anapaka mkono mmoja ukuta ukiwa mkavu, kesho anasema chokaa haifai. Ichanganye nyepesi kama maziwa. Uloweshe ukuta kwanza kwa brashi. Paka mkono mwembamba, mpaka utadhani hujapaka kitu, maana ikiwa mbichi haionekani, inang'aa ikikauka. Subiri siku, paka tena, mara nne au tano. Chokaa haikauki tu kama rangi, inavuta hewa na kurudi kuwa jiwe, ndiyo maana haitaki haraka wala jua kali. Itaacha vumbi kidogo, sikatai, lakini si la kukutoa msikitini.

Kuhusu ukuta wako, sitakudanganya. Nusu mita ya mawe yaliyolowa haikauki wiki saba, wala miezi saba. Kwa laki sita fanya hivi. Kwanza choo cha ami, bila hicho hakuna kazi. Pili, bomoa plasta ya saruji taratibu kwa tindo, usipige nyundo kubwa, mawe ya matumbawe yanachomoka. Tatu, ile chumvi ifagie ikiwa kavu, usiioshe, ukiiosha umeirudisha ndani. Nne, ziba mashimo kwa chokaa na mchanga, kipimo kimoja kwa vitatu, na mchanga usiwe wa pwani, huo umekuja na chumvi yake. Juu paka chokaa. Mwakani itabanduka sehemu sehemu, fagia, paka tena. Ndoo moja ya chokaa kila mwaka si gharama. Plasta kamili utapiga ukuta ukishatua maji.

Na macho! Chokaa mbichi inaunguza. Vaa miwani na glavu, mtoto asikaribie, hasa huyo anayeonja kuta.

Kabla hujagusa nyundo pita Mamlaka ya Mji Mkongwe uulize. Mji huu umo kwenye urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na ukianza kubomoa bila kibali utasimamishwa kazi katikati, vumbi likiwa sebuleni.

shoga_jangombe
Tena mwambie mumeo akiona nyeupe ni ya banda, bibi zetu wakitia buluu ya kufulia kwenye ndoo ya mwisho. Kijiko tu. Inatoka nyeupe yenye ubaridi, kama shuka mpya. Jaribu kwanza nyuma ya mlango, mie mara moja nilizidisha, chumba kikawa kama duka la nguo za skuli.

seremala_kaka
Mimi mafupi. Kabati na makochi yasigusane na ukuta huo, acha nafasi ya vidole vinne hewa ipite. Na usinunue kochi jipya. Kama mbao zake nzima, msasa, mafuta ya mbao, kisha mpe mshonaji avishe foronya za kitambaa kizito. Makochi yanayokuja sasa ndani yake ni vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi, kwenye unyevu wa Mji Mkongwe yanafura kama mkate kwenye chai.

mkunazini_chini
Wiki tano zimepita, nimerudi na majibu.

Ami aliambiwa. Sikungoja halua, nilimwita ashuke anywe chai na nikamkalisha mkabala na doa. Akanyamaza, akalitazama, akauliza, "Hilo la kwangu?" Kumbe ni kiungo cha bomba chini ya sinki lake. Kalipa nusu, nusu nimelipa mie. Kibali cha kazi ya ndani niliuliza, nikapewa maelekezo yangu.

Saruji imetoka siku nne, mafundi wawili. Hapo ndipo palipokwenda pesa, karibu nusu ya fungu. Chokaa yenyewe na brashi ni kitu kidogo, sikuamini. Tumepaka mara tano, ya mwisho na buluu, kijiko kimoja kilichopunguzwa. Nyuma ya plasta tumekuta kidaka, kile kishimo cha kuwekea vitu ukutani, kimejazwa vipande vya matofali. Fundi yule wa mwanzo alikiziba ili apate kunyoosha ukuta wake! Tumekizibua. Bi Mkubwa alipofika juzi na mkeka wake begani, kabla ya kuvua buibui alikwenda palepale akatia mkono. Anasema mama yake akiweka chetezo hapo, na kweli ukitazama ndani juu kuna weusi wa moshi, chokaa haijaufunika vizuri. Nimeuacha.

Doa la pembeni limeanza kupauka. Chini bado unga unatoka kidogo, naufagia. Kochi limevishwa, pazia nimeshona mwenyewe kwa kanga mbili zilizokuwa kashani. Shilingi elfu kumi na nane zimebaki.

mwashi_mstaafu
Mashaallah. Usiongeze kitu mpaka masika ipite.

fleti_michenzani
Na mumeo wa banda la ng'ombe?

mkunazini_chini
Anawaita wenziwe waje wakione kidaka, anakisimulia kama alikichonga yeye. Ijumaa iliyopita aliegemea akiwaonyesha. Kanzu ya kahawia, bega zima. Amekwenda msikitini hivyohivyo.