Nikinyamaza kwenye maombi nasikia kimya tu. Nifanyeje?

MamaWawili
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Kila siku naamka saa kumi na nusu, watoto bado wamelala, napiga magoti sebuleni. Nina daftari la maombi: ada ya muhula, mume wangu aliye machimboni, kidonda cha mama, mkopo wa kikoba. Nayapitia yote, nafunga kwa jina la Yesu, nainuka kuwasha jiko. Nusu saa nzima ni mimi tu ninayesema. Jumapili iliyopita mwinjilisti wetu alituuliza, "Mkishamaliza kusema, mnamwachia Mungu nafasi ya kujibu?" Neno lile limenikaa. Tangu Jumatatu najaribu kunyamaza. Nasikia jogoo, nasikia ndoo zinagongana bombani kwa jirani, halafu mawazo yananirudisha kwenye mkopo. Mliozoea, mnasikiaje? Au ni karama ya watu wachache?

Mzee wa Marangu
Asifiwe, mwanangu. "Kondoo wangu waisikia sauti yangu." Hakutaja kondoo wachache.

Nikupe la kwangu. Baba alipofariki, mimi na mdogo wangu tuligombea kipande cha kihamba, yaani shamba la ukoo, migomba kumi na mitano hivi. Miaka miwili nilimwomba Mungu anipiganie. Nilifunga, nilikesha. Asubuhi moja mafua yalikuwa yamenikausha sauti, nikaona nisome tu, polepole, kisha nikae. Nikafungua Mathayo 5:23. Andiko hilo nimelifundisha jumuiyani mara nyingi, kumbe siku zote nililisikia kinyume. Halisemi wewe una neno juu ya ndugu yako. Linasema "ndugu yako ana neno juu yako". Yeye, juu yangu! Nilikaa pale kwenye kigoda mpaka chai ikapoa, na mambo yakaanza kunijia moja moja: siku niliyomfokea mbele ya wanawe, masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka, niliyoyang'oa kwa mkono wangu kabla hata matanga hayajaisha. Sikusikia sauti masikioni. Lakini nilijua nimesemeshwa, maana hayo nisingejiambia mwenyewe. Jioni nilikata jani la sale, ambalo kwetu Uchagani ukimpelekea mtu unamwomba msamaha, nikashuka kwake.

Daftari lako usilitupe. Ila tanguliza Neno: mistari michache, isome mara mbili tatu, nyamaza, ndipo ulifungue. Mkopo ukikujia usipigane nao. Mwambie Bwana, "Na hili unasemaje?" Kisha nyamaza tena.

Mjoli
Mzee kasema kweli. Naongeza tahadhari moja, kwa uchungu. Dada mmoja wa kikundi chetu cha maombi aliambiwa, "Bwana amenionesha mume wako ni fulani." Waliharakisha ndoa, na leo analea mtoto peke yake. Tumeagizwa kuzijaribu roho, 1 Yohana 4:1. Samweli mwenyewe aliitwa mara tatu akadhani ni Eli, na ni Eli aliyemfundisha kujibu, "Nena, Bwana, kwa kuwa mtumishi wako anasikia." Ukisikia jambo zito, lipeleke kwa mtu aliyekomaa katika imani, asiye na faida yoyote nalo.

MamaWawili
Shikamoo mzee. Asante sana, Mjoli. Leo alfajiri nimesoma Zaburi 131, mistari mitatu tu. "Kama mtoto aliyeachishwa kifuani mwa mama yake." Kitindamimba wangu nimemwachisha ziwa mwezi wa tano. Zamani akinipanda mapajani ilikuwa ni kuvuta blauzi na kulia. Siku hizi anakuja, analaza kichwa hapa kifuani, ananyamaza. Haombi kitu. Nimelia, wapendwa. Mpaka kunakucha daftari lilikuwa bado limefungwa.

Mzee, mdogo wako alilipokea lile jani?

Mzee wa Marangu
Marahaba, mwanangu. Alilipokea kwa mikono miwili. Hakusema neno, alimwita tu mkewe aniletee kiti.