Nyenje aliyeshindwa hataki tena kupigana: ni serotonini?

Mwalimu_Kakamega: Wanafunzi wa kidato cha tatu wanaandaa mradi wa nyenje kwa kongamano la sayansi. Madume wawili wakishapigana, aliyeshindwa humkimbia mwenzake hata akisogezwa karibu. Wameandika kwamba serotonini, kemikali ya kupeleka ujumbe kwenye ubongo, imepungua kichwani mwake. Ni sahihi? Na tunaweza kuonyesha nini bila sindano wala dawa?

Nyenje_Bondo: Mwalimu, wameshika kinyume. Kwa nyenje, kemikali ya kumtia mori ni oktopamini, ambayo kwa wadudu inashika nafasi ya noradrenalini yetu, kemikali inayotuamsha tukabili hatari. Nyenje akiishiwa oktopamini na dopamini (kemikali nyingine ya ubongo) hupigana kwa uvivu. Akiishiwa serotonini hupigana kama kawaida. Serotonini inaingia baada ya kipigo: ndiyo inayomweka chini aliyeshindwa. Dopamini humsaidia kurudisha moyo.

Cha kuonyesha kipo. Mwaka 2000 watafiti Hofmann na Stevenson walieleza kwamba aliyeshindwa akifanywa aruke kwa mabawa yake kwa dakika chache, hurudi vitani.

Chukueni madume waliojivua ngozi ya mwisho yapata wiki moja iliyopita, uzito ukaribiane, maana mkubwa hushinda tu. Kila mmoja akae peke yake kwenye chupa kwa siku mbili, na chakula na pamba yenye maji. Mtieni doa la rangi ya kucha nyuma ya kichwa. Kisanduku cha plastiki kinachopitisha mwanga, kama sentimita 15 kwa 10, mchanga chini, kadibodi katikati. Inueni kadibodi bila kuwagusa. Watachapana vipapasio kwanza, kisha taya zitafunguka, wakabane. Mara nyingi ni sekunde chache tu. Anayegeuka ndiye aliyeshindwa. Mwenzake ataimba huku akijitikisatikisa.

Sasa mbandikeni aliyeshindwa kijiti mgongoni kwa nta laini (si ya moto!), mning'inizeni mbele ya feni ndogo miguu ikiwa hewani, apige mabawa dakika tatu hivi. Kundi la kulinganishia lining'inizwe vivyo hivyo, ila kila mmoja apewe kipande cha karatasi akikanyage. Nyenje akikanyaga kitu haruki. Kisha wakutanisheni tena na washindi wao, dakika 15 tangu pambano la kwanza.

Mama_Wadudu: Naongeza mambo mawili yanayoharibu majaribio haya. Nyenje wa kawaida wa kufugwa wengi hudondosha mabawa ya nyuma wakishakomaa, na hapo hata feni ya ofisi haitamsaidia. Chagueni wenye ncha mbili za mabawa zilizochomoza nyuma kama mikia. La pili ni muda: mkichelewa saa tatu hivi, aliyeshindwa atapona mwenyewe, na mtadhani ni kuruka kulikomponya. Na mchanga ubadilishwe kila pambano, harufu ya dume mwingine hubaki.

Kamba_Naivasha: Kosa la wanafunzi wako linaeleweka, Mwalimu, kwani kwa kamba mambo ni tofauti. Mwaka 1980 kikundi cha mtafiti Kravitz kilidunga kamba wakubwa wa baharini serotonini: wakasimama juu kwa miguu iliyonyooka, mkia umekunjwa chini, kama mbabe. Oktopamini ikawalaza chini. Hata kamba wa maji baridi aliyezoea kuonewa, akidungwa serotonini, huendelea kupigana badala ya kurudi nyuma. Wale wekundu wa Marekani walioletwa Ziwa Naivasha mwaka 1970 ni wa jamii hiyohiyo. Basi msiandike "serotonini huleta ugomvi" bila kutaja ni mnyama gani.

Mwalimu_Kakamega: Asanteni sana. Aliyeruka akirudi kupigana, na aliyekanyaga karatasi akakataa, tuandike tumethibitisha oktopamini?

Nyenje_Bondo: La. Mtakuwa mmeona tabia, hamjapima kemikali. Andikeni kwamba kuruka kumerudisha mori, kisha oktopamini iwekwe kwenye maelezo kama sababu inayojulikana kutokana na majaribio ya dawa ya wengine. Jaji atawauliza hapohapo.